Fahamu: Mbawakawa wa Oklahoma na visima vya mafuta

Ni mdudu gani?
Ni mbawakawa wa Marekani, mweusi mwenye mabaka ya rangi ya machungwa. Dume na jike huzika mzoga wa ndege au panya, kisha hulea mabuu yao hapo kwa pamoja, jambo la nadra na la kustaajabisha kwa wadudu.

Mvutano uko wapi?
Alipoorodheshwa kuwa hatarini kutoweka mwaka 1989, moja ya ngome zake chache ilikuwa mashariki mwa Oklahoma, penye visima vya mafuta na mabomba ya gesi. Kufukua udongo huua waliomo ardhini.

Serikali imefanya nini?
Mwaka 2014 iliruhusu kampuni kuchimba kwa sharti la kufidia makazi yanayoharibiwa. Mwaka 2020 ilimshusha hadi kundi la wanaotishiwa, masharti yakalegezwa, ingawa joto linaloongezeka linazidi kumwandama kusini.