Sikio la Bibi Kizee

Katika filamu nyingi za mashujaa wenye nguvu za ajabu, dakika za mwisho ni za kubomoa. Maghorofa yanaporomoka, magari yanarushwa kama punje za mtama, na shujaa anapita katikati ya vumbi akimwandama adui. Katika banda la video, hapo ndipo husikika sauti kutoka benchi la nyuma, mara nyingi ya mtu mzima: "Sasa hizo nyumba za watu atalipa nani?" Vijana hucheka, wengine humwambia anyamaze. Hata hivyo, swali lenyewe ni zito kuliko linavyopokelewa, na katika sehemu kama Ziba lina umri mkubwa kuliko sinema.

Ziba imo wilayani Igunga, mkoa wa Tabora, katika nchi ya pamba, mtama na ng'ombe ambako Wanyamwezi na Wasukuma wamekaa pamoja muda mrefu na lugha zao zinasikilizana bila mkalimani. Katika miji midogo ya namna hii kazi ya jumba la sinema hufanywa na banda la video, ambalo mijini huitwa kibanda umiza: kuta za mabati au matofali, mabenchi ya mbao, pazia zito mlangoni la kuzuia mwanga, luninga iliyoinuliwa ili walio nyuma waone, na kiingilio cha sarafu chache. Filamu huletwa kwa diski au flashi. Zile za Marekani zinazochotwa kwenye visasili, yaani hadithi za kale za miungu, majitu na asili ya mambo, huingia humo kwa jina lile lile la filamu nyingine za mapigano: muvi za kutafsiriwa. Thor ya 2011, Wonder Woman ya 2017 na Black Panther ya 2018 ni za kundi hilo.

Waliotangulia kuwachunguza watazamaji wa Kiafrika walizisikia sauti kama ile ya benchi la nyuma wakazihesabu kuwa dalili za kuchanganyikiwa. Kati ya 1935 na 1937 mradi wa filamu za elimu kwa Waafrika ulikuwa na makao yake Vugiri, katika milima ya Usambara, chini ya L. A. Notcutt na G. C. Latham, ukitengeneza filamu fupi za kilimo, afya na kodi na kuzitembeza kwa lori. Mwaka 1939 Uingereza ikaunda kitengo chake cha filamu za makoloni. Kiongozi wake, William Sellers, alishikilia kwamba mwanakijiji asiyesoma aonyeshwe picha za polepole, zenye jambo moja moja, zisizo na hila za kamera, kwani hila zingemvuruga. Leo skrini ya banda imejaa hila tupu, na hakuna anayeuliza kama nyundo ya Thor inaruka kweli. Mtu aliyekua akisikiliza habari za fisi anayeongea hahitaji kufundishwa tofauti kati ya ngano na tukio. Anachouliza ni kama ngano imetenda haki.

Anayeyafungulia mlango maswali hayo ni mtafsiri. Dar es Salaam kazi hii ilipata sifa kupitia Derek Mukandala, aliyejulikana zaidi kwa jina la Lufufu. Kenya ina DJ Afro, na Uganda ina kundi zima la watafsiri wanaoifanya kwa Kiganda. Namna yake si ngumu kueleza: sauti ya asili inapunguzwa, milio na muziki vinabaki kwa chini, na sauti ya mtu mmoja inakaa juu ya vyote. Sauti hiyo huwa ya mwanamume, ya mwanamke, ya mtoto na ya jitu kwa zamu. Tena hutoka kwenye mazungumzo ikaeleza: huyu ndiye steringi, yule anayetabasamu pembeni usimwamini, kumbuka alichoambiwa na baba yake pale mwanzo. Hii ni kazi ya mtambaji wa hadithi, ambaye naye hutoka ndani ya kisa akaongea na waliomzunguka, akaulizwa, akajibu. Tofauti ni moja, nayo ni kubwa. Sauti ya mtafsiri imekwisha kurekodiwa, haisikii mtu wa benchi la nyuma. Kwa hiyo mabenchi hujibizana yenyewe, na kelele zinazomkera mgeni ni ule mjadala ambao zamani mtambaji aliuongoza.

Filamu ya visasili humwongezea mtafsiri mzigo, kwa sababu inakuja na ulimwengu ambao mtazamaji hakuzaliwa nao. Habari za mungu Thor ziliandikwa Iceland katika karne ya 13 na Snorri Sturluson. Mwaka 1962 Stan Lee, Larry Lieber na Jack Kirby wakamgeuza kuwa shujaa wa vitabu vya picha huko Marekani. Mtafsiri hana nafasi ya kueleza yote hayo huku watu wakipigana. Hutafuta kilicho karibu: baba ni mfalme mzee, kaka ni mtoto wa kulelewa anayeona wivu, nyundo ni kitu cha enzi. Inatosha, na pengine inafika mbali kuliko alivyokusudia. Watemi wa Unyamwezi, yaani watawala wa jadi, walikuwa na ngoma zao, viti vyao, na kipande cheupe cha kombe la bahari kilichovaliwa na mtemi, kombe lililobebwa na wapagazi kutoka pwani kwa safari ya miezi. Lilikuwa jepesi, la kukaa kiganjani. Akilivaa asiyestahili linabaki kombe tu. Utemi ulifutwa kisheria mwaka 1963, lakini wazo kwamba nguvu hukaa katika cheo na ukoo, wala si katika msuli wa mkono, halikufutika. Ndiyo maana sehemu ambayo Thor anavuliwa uwezo na baba yake, anatupwa duniani, na anashindwa kuinua nyundo yake mwenyewe, haihitaji maelezo marefu. Swali linaloulizwa ni nani aliyempa, na kwa nini amemnyang'anya.

Filamu hiyo hiyo ilipokuwa ikitengenezwa, baadhi ya watu huko Marekani walilalamika kwamba Idris Elba, Mwingereza ambaye wazazi wake walitoka Sierra Leone na Ghana, amepewa nafasi ya Heimdall, mlinzi wa lango la miungu. Walimhukumu mlinzi kwa rangi ya ngozi yake. Kwa mtazamaji anayeanza kwa kuuliza asili ya nguvu, la kuangalia kwa mlinzi ni kama lango limelindwa.

Black Panther ilifika na matumaini mengi zaidi. Februari 2018 ilionyeshwa Kisumu, mji wa nyumbani kwa akina Lupita Nyong'o, mmoja wa waigizaji wake, na ramani inayoonekana ndani ya filamu inaiweka Wakanda karibu na maziwa yetu makuu. Visasili vyake, hata hivyo, vimekusanywa kutoka mbali: mungu wa kike Bast ni wa Misri ya kale, watu wa milimani wanamtaja Hanuman wa Kihindi, na lugha inayozungumzwa ni Kixhosa cha Afrika Kusini. Kinachomgusa mtu wa Unyamwezi si ramani hiyo. Ni dawa. Mfalme anakunywa maji ya mmea na kupata nguvu. Kabla ya kupigania kiti ananyweshwa kinywaji kingine kinachoziondoa, ili apigane kama mtu wa kawaida. Baadaye mvamizi anatwaa kiti na kuamuru bustani nzima ya mimea hiyo ichomwe moto. Mtazamaji wa mbali anaweza kulichukua tukio hilo kama hatua ya kisa tu. Katika nchi ambayo mizizi na majani bado vina wajuzi wake, kuchoma dawa ya utemi ni kuwaua wafalme ambao hawajazaliwa, na naona hilo ni kosa kubwa kuliko yote ambayo mvamizi huyo anayafanya.

Kuna kanuni ambayo mtoto wa banda huijua kabla hajajua kusoma: steringi hafi. Visasili vyenyewe havikuifuata. Thor wa Snorri anamuua nyoka mkubwa siku ya mwisho wa dunia, anapiga hatua tisa, kisha anaanguka kwa sumu. Filamu ya 2017 inayobeba jina la siku hiyo inamwacha hai, amepoteza jicho, kwa sababu filamu nyingine ilikuwa inamngoja. Fumo Liyongo wa pwani aliuawa kwa sindano ya shaba iliyochomwa kitovuni. Lyangombe, ambaye habari zake husimuliwa kutoka Rwanda na Burundi hadi Unyamwezi, alikuwa mwindaji, na aliuawa na nyati. Chama cha Baswezi kilichoenea Unyamwezi na Usukuma kilimtumikia kama mkuu wa mizimu. Kwa Baswezi kifo cha shujaa ndicho kilichomfungulia kazi, kwani kabla ya nyati alikuwa mwindaji wa watu wake tu, na baada ya nyati aliweza kuitwa popote palipo na mgonjwa. Biashara ya sinema inamhitaji shujaa hai ili auze tikiti ya mwaka unaofuata. Chama cha ngoma na tiba kilimhitaji amekwisha kuvuka.

Lakini ngano inayolibeba swali la benchi la nyuma ni nyingine, ile ya Shing'weng'we. Jitu hilo, wanavyosimulia Wasukuma, liliwameza watu wote na mifugo yao. Akabaki mwanamke mmoja mjamzito, aliyejificha kwenye lundo la makapi. Akajifungua mtoto wa kiume, Masala Kulangwa. Masala, kwa Kisukuma, ni akili. Mtoto anauliza watu wengine wako wapi. Anapoambiwa, anaanza kuwinda. Analeta panzi: mama, huyu ndiye Shing'weng'we? Siye. Analeta ndege, siye. Analeta mnyama, kisha mnyama mkubwa zaidi, na mama anamrudisha kila mara.

Pwani wanayo ngano yenye mpango huo huo. Katika hadithi ya Sultani Majnun, ambayo Edward Steere aliikusanya Zanzibar na kuichapisha mwaka 1870, kijana anawinda mnyama baada ya mnyama akimwuliza mama yake kama ndiye nunda mla watu, na mama anakataa mpaka nunda mwenyewe apatikane. Ncha mbili za njia ya misafara zinasimulia jambo moja: shujaa hukuzwa na mtu anayemwambia bado. Mwenye nguvu za ghafla, aliyeumwa na buibui asubuhi na jioni anaokoa mji, hana mtu wa kumwambia hivyo. Watazamaji wazee humwona mwepesi hata pale anapobeba gari.

Hatimaye Masala Kulangwa anakutana na Shing'weng'we na kumuua. Anamchana, na watu wanatoka: wanaume, wanawake, watoto, ng'ombe. Katika kuchana, kisu kinamkata sikio bibi kizee aliyekuwa humo ndani. Wenzake wote wamerudi kwenye mwanga. Yeye anatoka ameshika upande wa kichwa, damu inamtiririka, na ana hasira. Anamgeukia aliyemwokoa na kutaka kumdhuru kwa uchawi.

Nimeisikia ngano hii ikifupishwa kwa watoto, na kinachokatwa kwanza huwa ni sikio, kana kwamba ni pambo. Kumbe ndilo lililobeba ujuzi wa wasimulizi wa kale. Walijua kwamba hakuna kisu kinachopita katikati ya umati bila kumgusa asiye na kosa. Bibi yule hakufanywa mtu asiye na shukrani, wala hakuna aliyemwambia ashukuru kwamba yu hai. Ngano inasimama kwa ajili yake.

Sinema imelifikia jambo hili kwa njia ndefu. Mwaka 2013 watazamaji wengi wa Man of Steel walilalamikia mji uliobomolewa huku shujaa akishangiliwa, na mwaka 2016 filamu iliyofuata ikaonyesha mapema maangamizi yale yale kwa macho ya mtu aliye barabarani. Mwaka huo huo, katika Captain America: Civil War, mama aliyefiwa na mwanawe anamkabili mmoja wa mashujaa ana kwa ana, na nchi 117 zinatia saini mkataba wa kuwadhibiti. Ni mwanzo mzuri na wa kweli. Kisha mashujaa wanagawanyika, wanapigana wao kwa wao, wanauharibu uwanja wa ndege, na yule mama hatumwoni tena. Anayeuliza kwenye benchi la nyuma nani atalipa anamwulizia yeye.

Masala Kulangwa hakugombana na bibi kizee, wala hakuondoka kwenda kutafuta jitu jingine. Alitafuta dawa, akalitibu lile sikio mpaka likapona. Ndipo watu wakamtawaza kuwa mtemi.