Je, Tanzania Inahitaji Ligi ya Kulipwa ya Hoki ya Barafu?

Na Mwandishi Wetu, Ololosokwan

Katika kata ya Ololosokwan, tarafa ya Loliondo, wilayani Ngorongoro, fimbo ni miongoni mwa vitu vya kwanza anavyokabidhiwa mtoto wa mfugaji. Kwa fimbo hiyo huchunga ndama karibu na boma, na akikua huongoza ng'ombe malishoni. Katikati ya kazi hiyo huichezea pia: hupiga kokoto, hulenga shina la mti na kushindana na wenzake.

Kata hii inapakana na Kenya upande wa kaskazini na Hifadhi ya Taifa ya Serengeti upande wa magharibi. Ukitazama ramani, jiji la Nairobi liko karibu zaidi na hapa kuliko lilivyo jiji la Dar es Salaam. Huko Nairobi kuna vijana ambao nao wanacheza mchezo wa fimbo, ila wao wanaucheza juu ya barafu. Mnamo Septemba 2024, Kenya ilipokewa kuwa mwanachama wa Shirikisho la Kimataifa la Hoki ya Barafu (IIHF), chombo kilichoanzishwa mwaka 1908 na chenye wanachama zaidi ya 80.

Hatua hiyo ya jirani inaibua swali ambalo mwanzoni laweza kuonekana la mzaha: je, Tanzania nayo iwe na ligi yake ya kulipwa ya hoki ya barafu? Swali hili lina faida kubwa kuliko linavyoonekana, kwa sababu jibu lake linaeleza ligi ya kulipwa ni kitu gani, husimama juu ya nini, na fedha za michezo zianzie wapi ili mtoto wa Ololosokwan naye afikiwe.

Mchezo na gharama ya sakafu yake

Hoki ya barafu ni ndugu wa mpira wa magongo unaofahamika nchini. Kila upande huwa na wachezaji sita uwanjani, akiwemo mlinda mlango, na mchezo una vipindi vitatu vya dakika 20. Badala ya mpira wa duara hutumika kisahani kigumu cha mpira, na wachezaji huvaa viatu vyenye makali ya chuma yanayowawezesha kuteleza kwa kasi.

Mchezaji si gharama kubwa kuliko zote katika mchezo huu. Sakafu ndiyo gharama. Uwanja wa kimataifa una urefu wa takriban mita 60 na upana wa kati ya mita 26 na 30. Chini ya barafu kuna zege lililopitishiwa mabomba mengi, na ndani ya mabomba hayo huzungushwa kimiminika kilichopozwa chini ya nyuzi sifuri. Maji humwagwa juu ya zege kwa tabaka nyembamba, moja baada ya jingine, hadi barafu ifikie unene wa sentimita chache. Baada ya hapo mitambo haipaswi kuzimwa. Hewa ya ukumbi nayo huondolewa unyevu, na mashine maalumu hupita kukwangua uso wa barafu na kuumwagia maji ya moto ili uwe laini tena.

Katika nchi za baridi, sehemu ya kazi hiyo hufanywa na majira ya mwaka. Mtoto wa Canada huweza kujifunza kuteleza kwenye ziwa lililoganda, bila kiingilio. Kwetu sisi, barafu ya asili iko juu ya Mlima Kilimanjaro tu, na huko hakuna anayeweza kujenga uwanja wa ligi. Hivyo kila mita ya barafu ya kuchezea nchini ingepaswa kutengenezwa na kutunzwa kwa umeme, usiku na mchana, mwaka mzima.

Nairobi: kuna timu, ligi ya kulipwa hakuna

Kiwanja cha barafu cha Nairobi kimo ndani ya jengo la hoteli, kando ya Barabara ya Mombasa, na kilifunguliwa mwaka 2005. Ni kidogo kuliko kipimo cha kimataifa, kwa hiyo timu hulazimika kucheza na watu wachache zaidi ya idadi ya kawaida. Mwanzoni wageni waliokuwa wakiishi Nairobi ndio waliokitumia zaidi kwa hoki, kisha vijana wa Kenya wakajiunga na kuunda timu inayojulikana kwa jina la Ice Lions.

Wengi wa vijana hao hawakuanzia kwenye barafu. Walianza kwa kuteleza kwa viatu vya magurudumu barabarani na kwenye maegesho ya magari, mahali pasipohitaji mtambo wowote. Mwaka 2018 wachezaji 12 walipata fursa ya kwenda Canada, wakacheza bega kwa bega na nyota wawili wakubwa wa mchezo huo, Sidney Crosby na Nathan MacKinnon. Hadi hapo walikuwa hawajawahi kucheza dhidi ya timu nyingine, kwa kuwa nchini kwao hapakuwa na timu ya kushindana nayo.

Habari hiyo ina mafunzo mawili. La kwanza ni la kutia moyo: vijana wa ukanda wa joto wanaweza kuumudu mchezo wa barafu na kufungua milango ambayo hawakuitarajia. La pili ni la tahadhari: kiwanja kimoja huweza kuzaa timu, lakini hakiwezi kuzaa ligi. Hata baada ya kuingia IIHF, mchezo huo nchini Kenya umebaki kuwa wa ridhaa. Afrika Kusini ni mwanachama wa shirikisho hilo tangu mwaka 1937, nayo haijawahi kufika daraja la juu la mashindano ya dunia.

Hata wenye barafu hushirikiana

Huenda msomaji akadhani kwamba kila nchi inayosifika kwa mchezo huu ina ligi yake kubwa iliyo ya kwake peke yake. Sivyo. Ligi maarufu kuliko zote duniani, NHL, ilianzishwa mjini Montreal, Canada, mwaka 1917. Leo ina klabu 32, na kati ya hizo saba tu ndizo za Canada; nyingine 25 ni za Marekani. Canada, nchi ambayo hoki ya barafu ni sehemu ya utambulisho wake, huwapeleka wachezaji wake bora katika ligi inayochangia na jirani.

Japani nayo ilikuwa na ligi yake tangu mwaka 1966. Klabu zilipopungua, Wajapani hawakung'ang'ania jina la ligi ya taifa. Mwaka 2003 walianzisha ligi ya pamoja na Korea Kusini, na baadaye timu za nchi nyingine zikashiriki. Kwa maneno mengine, nchi yenye uchumi mkubwa, viwanja vingi na majira ya baridi ya kweli iliona kuwa mchezo wa gharama kubwa hauwezi kubebwa na soko la nchi moja.

Ligi yetu ya soka ilivyokua

Tanzania ina uzoefu wake wa kujifunzia. Ligi ya soka ya taifa ilianza mwaka 1965, na bingwa wa kwanza alikuwa Sunderland, klabu ambayo sasa inaitwa Simba. Wakati huo soka lilikuwa limekwisha kuenea mijini na vijijini: mpira ulihitaji uwanda ulio wazi, na pale ambapo mpira wa dukani haukupatikana, watoto walijitengenezea wa matambara.

Miaka 56 baadaye, mwaka 2021, Shirikisho la Mpira wa Miguu Tanzania (TFF) lilisaini mkataba wa haki za matangazo na Azam Media wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6 kwa miaka 10, yaani wastani wa shilingi bilioni 22.56 kwa mwaka. Fedha hizo ziliifuata hadhira iliyokuwapo tayari. Walikuwapo mashabiki waliorithishana mapenzi ya klabu kwa vizazi, na watoto waliokuwa wakicheza kila jioni bila kulipwa na mtu.

Hapo ndipo maana ya ligi ya kulipwa inapodhihirika. Ligi ya namna hiyo husimama juu ya nguzo nne: viwanja vya kutosha, wachezaji wengi wa rika zote, watazamaji walio tayari kulipa, na wadhamini wanaowafuata watazamaji hao. Ligi ni paa la nyumba. Paa lililotangulia msingi litamwangukia aliyelijenga.

Somo la Moscow, 1980

Kuna ukurasa mwingine wa historia yetu ambao hausomwi mara nyingi. Katika Michezo ya Olimpiki ya Moscow mwaka 1980, Tanzania ilishiriki mpira wa magongo wa wanaume. Nchi nyingi zilikuwa zimesusia michezo hiyo, na nafasi zikabaki wazi. Timu yetu ilifungwa na India mabao 18 kwa 0 na kumaliza katika nafasi ya sita kati ya timu sita. Wachezaji wale hawastahili kubezwa. Walivaa jezi ya taifa na kucheza hadi mwisho dhidi ya mataifa yaliyokuwa yamejenga mchezo huo kwa miongo mingi.

Katika michezo hiyo hiyo, Filbert Bayi, mzaliwa wa Karatu, alipata medali ya fedha katika mbio za mita 3,000 za kuruka viunzi na maji, na Suleiman Nyambui akapata ya fedha katika mita 5,000. Miaka sita kabla, mwaka 1974, Bayi alikuwa ameweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 mjini Christchurch, New Zealand. Tarehe 15 Septemba 2025, Alphonce Simbu naye alitwaa medali ya dhahabu ya marathoni katika mashindano ya dunia mjini Tokyo, kwa tofauti ya sehemu tatu za mia za sekunde.

Riadha, mchezo ulioipa nchi heshima hiyo yote, hauna ligi ya kulipwa nchini. Ulichokuwa nacho ni watoto wengi wanaokimbia, mbio za shule na wilaya, na walimu waliotambua kipaji mapema.

Kianze nini Ololosokwan?

Kwa hiyo jibu la swali letu, kwa wakati huu, ni hapana. Tanzania haihitaji ligi ya kulipwa ya hoki ya barafu, na shilingi ya umma isitangulie kwenye mtambo wa kugandisha maji wakati shule haina uwanja uliosawazishwa. Jibu hilo halimzuii mwekezaji binafsi kujenga kiwanja cha barafu mjini, wala vijana kuunda klabu na kuisajili kwa mujibu wa taratibu za Baraza la Michezo la Taifa (BMT). Ikitokea siku mchezo huo ukaota mizizi katika ukanda huu, njia ya busara itakuwa ligi moja ya Afrika Mashariki. Ushirikiano wa namna hiyo si mgeni kwetu: Kenya, Uganda na Tanzania zimekubaliwa kuandaa kwa pamoja Fainali za Mataifa ya Afrika za mwaka 2027.

Kazi ya msingi iko karibu zaidi na boma. Kwanza ni uwanja wa shule uliopimwa, wenye njia ya kukimbilia na nafasi ya netiboli kwa wasichana. Pili ni mwalimu aliyefundwa kupima muda na kuandika matokeo, kwa kuwa kipaji kisichoandikwa husahaulika. Tatu ni kuhakikisha kuwa mashindano ya UMITASHUMTA kwa shule za msingi na UMISSETA kwa sekondari yanawafikia wanafunzi wa kata za mbali tangu hatua ya kwanza ya mchujo.

Nne ni kalenda. Kiangazi kikiwa kikali, mifugo huhamishwa kutafuta malisho na maji, na vijana huondoka nayo. Mashindano yakipangwa wakati huo, wakimbiaji bora watakuwa mbali. Yakipangwa wakati mifugo iko karibu na boma, uwanja utajaa.

Tano ni kuthamini michezo ambayo jamii inayo tayari. Upande wa pili wa mpaka, katika Kaunti ya Kajiado, tangu mwaka 2012 hufanyika mashindano ya vijana wa Kimaasai yenye mbio, kurusha mkuki, kurusha rungu na kuruka juu. Lengo lake ni kuwapa morani ushindani wa heshima badala ya kuua simba. Na kama fimbo ndiyo inayowavutia watoto, mpira wa magongo waweza kuanza kwenye nyasi, na kuteleza kwa magurudumu kwaweza kuanza kwenye sakafu ya saruji, kama walivyoanza vijana wengi wa Nairobi.

Nchi haipimwi kwa idadi ya ligi ilizotangaza. Hupimwa kwa idadi ya watoto waliopata mahali pa kucheza na mtu wa kuwatazama. Kama katika malisho ya Ololosokwan yupo leo mtoto mwenye kasi ya Bayi, atapatikana kwa saa ya kupimia muda, uwanja ulionyooka na mwalimu mwenye daftari. Vitu hivyo vitatu kwa pamoja ni rahisi kuliko barafu.