Usukani wa mafuta nao wataka majina

Mabaharia wetu hawakuacha kiungo cha chombo bila jina. Omo, shetri, mkuku, foromali: yote yamo. Hata mpini wa kugeuzia usukani una jina lake, nao ni kana. Ajabu ni kwamba tunapoifikia boti kuukuu ya injini, iwe ya wavuvi au ya watalii wa Watamu, ulimi hupata kigugumizi. Fundi husema 'stiringi imekufa', na zaidi ya hapo hana la kueleza. Kisichoelezeka hakikaguliwi, nacho kisichokaguliwa huharibikia mlangoni mwa mwamba, abiria wakiwa ndani.

Mtambo wenyewe si wa kutisha. Nyuma ya gurudumu la nahodha pana pampu ndogo. Gurudumu likizungushwa, pampu husukuma mafuta kupitia mpira mmoja hadi kwenye silinda iliyoko shetrini. Pistoni husogea, usukani hugeuka, na mafuta ya upande wa pili hurejea kwa mpira mwingine. Ni kanuni ile ile ya Blaise Pascal, Mfaransa aliyefariki mwaka 1662, ambayo wanafunzi wetu huikariri kwa Kiingereza pasipo kuiona ikifanya kazi. (Neno haidroliki lenyewe Wagiriki walilijenga kwa maji na zumari, katika boti, hata hivyo, maji ndiyo adui. Mafuta yakigeuka meupe kama maziwa, maji yameshaingia, na yapasa kumwagwa yote.)

Adui mkubwa zaidi ni hewa. Mafuta hayashindiliki, hewa hushindilika. Ikiingia, gurudumu huwa laini, nahodha akazungusha na kuzungusha huku usukani ukichelewa kuitika. Dawa ni kuitoa: mafuta hujazwa katika pampu iliyo juu kuliko zote, skrubu ya kutolea hewa kwenye silinda hulegezwa, na gurudumu huzungushwa polepole upande mmoja hadi mapovu yakome, kisha upande wa pili. Ni kazi ya watu wawili wenye subira, mmoja akichunga pampu isiishiwe mafuta.

Lakini hewa haikuingia kwa miujiza. Anayeongeza mafuta bila kutafuta yalikopotelea amejidanganya. Fimbo ya silinda huishi katika chumvi. Ikifanya vishimo vya kutu hukwaruza mpira wa kuzibia, na mafuta hutoka. Kubadilisha mpira na kuiacha fimbo ile ile ni kutupa fedha. Na gurudumu likizidi kuzunguka ilhali usukani umefika mwisho, wala hakuna tone nje, basi mafuta yavuja ndani kwa ndani. Wako pia wanaotia mafuta ya breki za gari kwa kuwa yapatikana dukani. Hayo huumua mipira na kuiharibu. Yatiwe aliyoyataja mtengenezaji, basi.

Haya yote yameelezeka kwa Kiswahili, wala sikuhitaji kamati. Sioni kwa nini mwalimu wa ufundi amfundishe kijana wa Vanga, aliyekulia chomboni, kwa lugha inayombahatishia. Aanze na kana: boti ya namna hii yafaa iwe na kana ya dharura, ijaribiwe ikiwa ingali bandarini. Vali ya kupitishia mafuta ifunguliwe kwanza, ama sivyo silinda itaushikilia usukani usigeuke.