Stero Hakufi? Kwani Unachekinga Muvi Gani?

Sheria ya base unaijua: stero hakufi. Anaweza pigwa risasi, atupwe kutoka kwa chopa, aangukie mto umejaa mamba. Hakuna stress. Muvi iko dakika ya 20, stero ataenda wapi? Adui ndiye ameisha, ni vile tu hajaambiwa.

Hiyo sheria tuliiokota kibandani. Benchi ya mbao, stima ya kuazima, ashu kwa mlango, na sauti ya DJ Afro juu ya kila kitu. Muvi ni ya Hong Kong? Ni ya India? Haina ngori. Afro anaishika anaipindua Kiswahili na Sheng, anakuambia adui anadai nini, stero anapanga nini, na nani kwa hiyo sini ni fala. Uganda wana VJ Jingo, Bongo walikuwa na Lufufu, na hao wote nawapea heshima. Lakini Afro ni wetu. Ukiniambia umekulia Nairobi na hujawahi kufa kicheko na Afro, nitakuuliza walikuwa wamekufungia wapi.

Sasa shika opinion yangu, na sitoki hapo: muvi kali ni ile inakufanya uogope ati stero anaweza kufa. Basi. Wakilipua magari mia, wakiangusha maghorofa, kama roho haijaruka hata mara moja, mimi niko kwa simu nacheki matokeo ya mechi.

Chukua Sinners. Ryan Coogler, Aprili 2025. Michael B. Jordan anacheza mapacha, Smoke na Stack, mmoja kofia ya bluu, mwingine nyekundu. Mwaka ni 1932, wanarudi kwao Mississippi na ganji haieleweki, wananunua kinu nzee ya kupasua mbao wanaigeuza klabu. Usiku wa kufungua, vampaya hao mlangoni. Na hao vampaya hawaingii mpaka wakaribishwe, yaani wana adabu kushinda majirani wa plot yetu.

Base iligawanyika hapo hapo. Maze, kama stero ni wawili na sura ni moja, nani hafi? Mbogi ya Smoke ikakaa huku, ya Stack ikakaa kule. Mimi nikawaambia mapema: stero ni Sammie, yule kijana wa gita, mtoto wa pasta. Wakanipigia kelele. Wacha wapige. Cheki tu ile sini anaimba klabuni. Muziki unaita waliokufa na wenye hawajazaliwa, unashtukia kuna msee wa gita ya stima, kuna DJ na mashine zake, kuna wachezaji ngoma wa Afrika, kuna Mchina na mavazi ya opera, wote kwa floor moja, na kamera inapita katikati yao polepole mpaka paa inashika moto. Hiyo sini pekee yake ililipa fare na tiketi, na chenji ikabaki.

Halafu hapa lazima nichome watu. Credits zikianza, nusu ya ukumbi ikasimama kukimbilia mat. Wasee! Muvi haikuwa imeisha! Kuna sini nzima imekaa ndani ya credits. Buddy Guy mwenyewe, lejendi wa bluzi, anacheza Sammie akiwa mzee, mwaka 1992, na ndio sasa unajua nani alifika wapi. Umelipa ganji yako, ukatoka kabla ya mwisho, na kesho yake ni wewe uko base unasema ati ending haikubamba. Ending gani? Uliionea wapi?

Na hiyo popcorn ya mall. Mahindi! Mathee wa kona anakuchomea moja mzima, anakupakia ndimu na pilipili, na hakuulizi kama unataka saizi gani. Hawa wa mall wanailipua, wanaweka chumvi, unaongezea soda, na ghafla umenunua tiketi ya pili. Mresh akisema tu "large, caramel" unaona fare ya wiki ikiaga. Wajuaji wanakula smocha mbili hapo nje, wanaingia wameshiba, macho kwa screen.

Turudi nyumbani. Nairobi Half Life, 2012, Tosh Gitonga. Hapa sitaki ubishi na mtu. Mwas, ambaye ni Joseph Wairimu, anaanza akiwa ocha akiuza DVD, na vile anaziuza ni kuigiza muvi yenyewe mbele ya mteja, ngumi, mateke, sauti zote. Huyo ni msee wetu kabisa. Anafika tao, siku ya kwanza anaibiwa kila kitu, jioni yuko seli, na seli wanampea kazi ya kuosha choo. Unajua hicho choo. Kamera inakaa hapo mpaka unaskia harufu. Na hapo hapo ndio anapatana na Oti, na maisha ya side mirror inaanza: mchana anang'oa vitu za magari, jioni ako kwa stage ya thieta.

Wairimu alitoka Durban na taji la best actor, na hiyo ndiyo muvi ya kwanza Kenya ilituma Oscars kwa kitengo cha lugha za nje. Safi. Lakini mtaa haukuipenda juu ya taji. Tuliipenda juu wale wasee wanaongea venye sisi tunaongea, na juu karao akitokea hakuna mtu kwa screen ako na uhakika wa kufika kesho. Sitakuambia Oti anaishia wapi. Kama 2012 ulikuwa class two, enda ucheki.

Sasa linganisha na hizi za ghetto bandia. Sizitaji. Mvua imenyesha Mathare, na chali wa gengi ametoka keja na raba nyeupe pe, haina hata doti ya matope. Anafungua mdomo, tweng ya shule za bei. Akikumbuka ako ghetto anatupa "poa kichizi kama ndizi." Buda! Nani anaongea hivyo saa hii? Mwandishi aliokota hiyo Sheng kwa mjomba wake. Kaeni base wiki moja tu, hatulipishi.

Supa Modo nayo, 2018, ya Likarion Wainaina, ndiyo ilimaliza wagumu wetu. Dakika 74 pekee. Jo ana miaka 9, ni mgonjwa, hospitali imefika mwisho, wanamrudisha home. Anapenda Jackie Chan na masuperhero mbaya sana. Kwa hivyo kijiji kizima kinapanga njama: tumfanye aamini ako na pawa, halafu tumshutie muvi yake, yeye ndiye stero. Stycie Waweru anacheza huyo mtoto bila kukuomba machozi hata kidogo. Tuliiweka base na projekta ya kuazima. Wasee wa mjengo, watu wanabeba simiti kilo 50 kwa bega, walikuwa wanaangalia mabati. Mmoja akasema ni moshi ya mama chapo. Mama chapo alikuwa amefunga.

Usiulize buda yako opinion, nakuomba. Atakuambia muvi ziliisha na Commando ya 1985, Arnold akimaliza jeshi solo. Halafu ataanza story za Odeon na Globe. Mzee, Odeon tunapandanga mat, Globe tunakwamanga jam. Na hao wazee wakishika ofisi ndio wanafungia muvi ya Rafiki, Aprili 2018, mwaka ule ule Cannes inaichukua, muvi ya kwanza ya Kenya kufika huko. Septemba korti ikaifungulia siku 7. Tiketi zikaisha. Trela ya maana kushinda hiyo ban sijawahi kuona.

Jumamosi hii naweka Kati Kati ya 2016. Ya Mbithi Masya, msee wa Just A Band, wale walitupea Makmende 2010, stero hata risasi zilikuwa zinamuogopa. Sasa cheki venye alifanya. Kaleche anaamka katikati ya nyika, hakumbuki kitu, anafika lodge na watu wanamwambia poa tu: ulishakufa, kama sisi. Yaani muvi inaanza na stero amekufa tayari! Saa moja jioni, ashu kwa mlango, na mtu asisimame credits zikianza.