Injini inazima kila ikigusa gogo? Shida si injini, ni pampu uliyoipatia

Kuna hustle moja watu hawaiongelei sana mtaani: kuuza kuni zilizopasuliwa. Shule nyingi bado zinapika na kuni, viwanda vya majani chai vinazichoma kwa boila, na hakuna mpishi anataka kuletewa gogo zima. Sasa shoka ikishakumaliza mgongo, wazo linakuja lenyewe: si niende kwa fundi wa jua kali tuunde mashine?

Wazo ni fiti. Noma huanzia hapa. Msee ananunua injini ya petroli ya hospawa 6.5, zile za kuvuta maji shambani. Anatafuta pampu ya haidroliki, fundi anachomelea kila kitu safi. Siku ya kujaribu, silinda inatoka mbio hadi watu wanapiga makofi. Halafu chuma inagusa gogo la mkaratusi. Injini inakohoa, inazima. Fundi anamwambia anunue injini kubwa zaidi.

Buda, kabla utoe doo ingine, fanya hesabu kwanza.

Pampu haina nguvu yake. Inabeba tu ile ya injini na kuipeleka kwa mafuta. Lita ngapi inasukuma kwa dakika ndio mwendo wa silinda. Presha, inayopimwa kwa bar, ndio nguvu ya kupasua. Silinda ya upana wa milimita 100 ikipata bar 170 inasukuma kama tani 13, na hiyo inatosha magogo mengi.

Kujua hospawa unayohitaji, zidisha lita kwa dakika na bar, kisha ugawanye na 380. Hapo tushahesabu na ile nguvu inapotea njiani.

Tuseme pampu yako ni ya kawaida, lita 40 kwa dakika. Mara bar 170, gawa na 380, unapata karibu hospawa 18. Na wewe uko na 6.5! Ndio maana inazima. Bila gogo presha ni kidogo, kwa hivyo injini inajiona simba. Ikipata mzigo, imeisha.

Dawa ni pampu ya hatua mbili. Mtu wa boda ataelewa haraka: huwezi panda mlima na gia ya nne ukiwa umebeba abiria wawili na gunia. Unarudi gia ya kwanza, unaenda pole, lakini unafika. Hii pampu iko na gia mbili ndani na inajibadilisha yenyewe. Bila mzigo inamwaga lita 40 kwa presha ya chini, tuseme bar 40. Hiyo ni hospawa 4.2. Gogo likikataa, inaacha ile sehemu kubwa na kusukuma lita 10 tu, lakini kwa bar 170. Hiyo ni hospawa 4.5. Umeona? Injini ile ile, kazi imefanyika.

Mwendo je? Silinda ya milimita 100 yenye inatembea milimita 600 inajaa na lita 4.7. Kwa lita 40, inatoka kwa sekunde 7. Ikiingia gia ya nguvu inakuwa pole, lakini mara mingi gogo hupasuka ikishaingia sentimita chache tu, kwa hivyo hautasubiri sana.

Sasa kuna kitu wasee wengi husahau: milima. Hewa ikipungua, injini pia inapungua, karibu asilimia 3.5 kwa kila mita 300 unazopanda. Nairobi iko juu ya mita 1,700, kwa hivyo 6.5 yako inabaki kama 5.2. Eldoret inashuka hadi kama 4.9. Na kumbuka nambari ya kwa kibandiko ni ile ya injini mpya ikiwa imefunguliwa yote. Ukiwa Limuru ama Eldoret, chukua ya hospawa 8 ama 9 ulale poa.

Ukienda kuchukua pampu kuukuu ya tipa ama trekta, uliza mizunguko yake kwa dakika. Injini ndogo za petroli huzunguka hadi 3,600. Pampu nyingi za tipa zimeundwa kwenda pole kuliko hapo, na ukizifunga moja kwa moja kwa injini zitalia, zichemke, zife. Angalia pia inazunguka upande gani, na paipu ya kuvuta mafuta iwe nene na fupi ili pampu isinyonye hewa.

Mwisho, na hii si mchezo: weka valvu ya kuachilia presha. Bila hiyo, silinda ikifika mwisho kitu lazima kipasuke. Na mafuta yakivuja, usitafute tundu na mkono. Presha kama hiyo hupenya ngozi ukidhani ni mchomo mdogo tu, kumbe unaweza poteza mkono. Tumia kipande cha kadibodi. Ikikuingia, kimbia hosi hiyo dakika, hata kama hausikii uchungu.

Kwa hivyo anza na gogo, uende kwa silinda, halafu pampu, na injini iwe ya mwisho kununua. Wengi huanza na injini, ndio maana huinunua mara mbili.