Mlinzi Ndani ya Seli

Wajukuu zangu, jua la Katesh mnalijua. Mji wetu uko juu, chini ya Mlima Hanang, na anayechunga ng'ombe kutwa hana pa kujificha. Mionzi ya urujuanimno, ambayo macho hayaioni, huingia ndani ya seli za ngozi na kuharibu DNA, yenye maelekezo yote ya mwili. Mwenye ualbino huumia upesi zaidi, maana ngozi yake imekosa rangi ya kumkinga.

Seli ina mlinzi, protini iitwayo p53. Siku za amani, mlinzi huyo huwa adimu: seli humtengeneza na kumvunja papo hapo. DNA ikijeruhiwa, havunjwi tena. Hujaa kwenye kiini na kuizuia seli isigawanyike mpaka DNA itengenezwe. Ikishindikana, huiamuru seli ife. Mnaona ni ukatili? Mimi naona heri ife hiyo moja kuliko izae saratani. Na tembo, hao wa Tarangire humu humu Manyara, wamejaliwa: mwaka 2015 watafiti walieleza kwamba tembo ana takriban jozi 20 za jeni ya p53. Sisi tuna jozi moja tu.

Lakini mlinzi huyo ni mdogo mno, hadubini ya kawaida haimwoni. Dawa ya tatizo hilo ni kingamwili, protini ya kinga inayonasa kitu maalumu. Mwaka 1975, huko Cambridge, Georges Köhler na César Milstein walichukua seli za wengu wa panya zinazotengeneza kingamwili, wakaziunganisha na seli za saratani zisizochoka kugawanyika. Ndiyo, saratani ikatumwa kazi! Seli zilizopatikana zilitoa kingamwili ya aina moja bila kukoma.

Kwa njia hiyo Bořivoj Vojtěšek, David Lane na wenzao walipata DO-1, waliyoieleza mwaka 1992. Hunasa kipande kidogo karibu na mwanzo wa p53. Maabara huitandaza juu ya kipande chembamba cha nyama, huongeza kingamwili ya pili yenye kimeng'enya, kisha rangi. Penye p53, kiini hugeuka kahawia.

Kahawia hafifu katika ngozi iliyochomwa na jua huonyesha mlinzi yuko kazini. Ikikolea katika karibu kila kiini cha uvimbe, mara nyingi mlinzi mwenyewe ameharibika, ndiyo maana havunjwi. Na pasipo kahawia kabisa kwenye uvimbe napo pana mashaka, kwani huenda jeni imeharibika hata p53 haitengenezwi.