Theluji umeiona wapi? Somo la visiwa vya Le Guin



Kijana mmoja wa mtaani kwetu aliniletea daftari lake nimsomee. Ameandika hadithi ya wafalme, mapanga na joka, zaidi ya kurasa 40, na kipaji anacho. Nikasoma mpaka pale shujaa anapokatiza msitu, theluji imemfika magotini. Nikamuuliza, "Mwanangu, theluji umeiona wapi?"

Akacheka. "Ami, hadithi za aina hii ndivyo zilivyo."

Sikumlaumu. Alizosoma na filamu alizotazama ndivyo zilivyo. Lakini nilimsimulia habari za mwandishi mmoja wa Marekani, na leo naona niwasimulie na nyinyi, hasa wenye watoto wanaopenda kalamu.

Ursula K. Le Guin alizaliwa mwaka 1929 mjini Berkeley, California. Babake, Alfred Kroeber, alikuwa mtaalamu wa anthropolojia aliyechunguza maisha na lugha za wenyeji asilia wa California. Mamake, Theodora, aliandika kitabu mashuhuri juu ya Ishi, mtu wa mwisho wa kabila la Yahi. Mtoto wa nyumba kama hiyo hukua akijua kwamba kila watu wana chakula chao, maziko yao, nyimbo zao na majina yao, na kwamba hayo yote yana sababu.

Mwaka 1967 mchapishaji mmoja alimuomba aandike kitabu cha vijana, mada achague mwenyewe. Le Guin akafikiria wachawi wa hadithi za Kizungu: wote wazee, ndevu nyeupe, hekima tele. Akajiuliza swali la kitoto kabisa: walipokuwa vijana walikuwaje? Hawakuzaliwa na ndevu. Lazima walifunzwa mahali, na walipokuwa wakifunzwa lazima walikosea. Swali hilo ndilo lililozaa kitabu, A Wizard of Earthsea, kilichotoka mwaka 1968.

Kabla ya kuandika, alichukua karatasi akachora ramani. Si bara. Alichora visiwa, vikubwa na vidogo, vimetapakaa baharini, akavipa majina: Gont, Roke, Havnor na vinginevyo. Vingi hakujua bado vina nini. Yeye mwenyewe alieleza baadaye kwamba ulimwengu ule hakuupanga kama mhandisi, aliugundua kidogo kidogo, kama msafiri anayefika bandari asiyoijua. Vitabu vilivyofuata, hadi mwaka 2001, vilikuwa safari za kwenda sehemu za ramani ambazo hajazifikia.

Ramani ikaamua mambo mengi. Watu wakikaa visiwani, basi safari ni ya chombo, si ya farasi. Anayetuliza tufani au kuita upepo atatakiwa kila bandari. Biashara, vita, habari na maradhi, vyote hupita majini. Shujaa wake, Ged, mtoto wa kuchunga mbuzi aliyefiwa na mama, anasafiri na mashua iliyochorwa macho pande mbili za omo. Aliyeyaona majahazi ya Lamu hahitaji kuelezwa macho hayo ni ya nini.

Jambo la pili ni majina. Katika visiwa hivyo kila kitu kina jina lake la kweli, na anayelijua ana uwezo juu ya kitu hicho. Kwa hivyo watu hutumia lakabu, na jina la kweli humpa mtu wanayemuamini kwa maisha yao. Ona kanuni moja ilivyozaa mengi: elimu ya wachawi imekuwa ni kujifunza majina, na urafiki umekuwa ni kupeana siri.

Jambo la tatu ni mipaka. Le Guin alipenda sana falsafa ya Kichina ya Tao, inayohimiza mizani. Katika hadithi yake hakuna uwezo wa bure. Ukigeuza hata kijiwe kuwa johari umeigusa dunia nzima. Ged, kwa kibri cha kutaka kumshinda mwenzake, anafungua mlango usiofunguliwa na kivuli kibaya kinatoka kumwandama. Kitabu kizima ni mbio za kulipia kosa hilo moja.

Najua mzazi mmoja keshauliza: na uchawi je? Uchawi katika dini yetu ni haramu, hilo halina mjadala. Lakini bibi zetu walitusimulia Alfu Lela Ulela na majini yake, na Shaaban Robert katika Adili na Nduguze ametupa majini na ndugu waliogeuzwa manyani, na hatukutoka hapo wachawi. Tulitoka tumejua husuda humfanya nini mtu. Rai yangu ni mzazi asome pamoja na mwanawe na wazungumze. Kitabu kinachomwonya kijana juu ya kibri kinafaa kuzungumzwa.

La nne ni rangi. Ged ana ngozi ya hudhurungi iliyoiva, rafiki yake mkubwa ni mweusi, na weupe ndio wachache. Le Guin alikusudia, maana alichoka na mashujaa weupe peke yao. Hata hivyo wachora majalada walimpaka Ged weupe mara nyingi, na filamu ya televisheni ya mwaka 2004 ikampa nafasi hiyo mwigizaji mzungu. Le Guin alilalamika hadharani. Alifariki Januari 2018, akiwa na miaka 88.

Nilipofika hapo kijana akanikamata. "Ami, na yeye visiwa aliviona wapi? Si alikuwa Marekani?"

Swali zuri, na lilinirekebisha. Kumbe kosa la theluji yake halikuwa kwamba hajaiona. Shaaban Robert naye hakupata kuiona nchi inayoelea angani, na bado alituandikia Kusadikika. Kosa ni kwamba theluji yake haifanyi kazi yoyote. Hakuna anayelala njaa kwa sababu yake, hakuna neno wala desturi iliyozaliwa nayo. Ameiazima kama pambo. Bahari ya Le Guin inalisha, inaua, inachelewesha barua.

Lakini huyu kijana amezaliwa penye kusi na kaskazi, bamvua na maji mafu, miji iliyohamwa kama Gedi, na wazee wanaojua kila mwamba kwa jina. Wazee hao wanapungua. Ramani ya Le Guin ilitoka kichwani mwake, na yetu nusu iko vichwani mwa manahodha ambao hakuna aliyekaa nao na daftari.

Nimempa kazi. Aache joka kwanza, aende kwa mzee mmoja mstaafu wa jahazi, amuulize majina ya nyota, pepo na miamba, ayaandike yote. Akirudi tutachora visiwa vyake. Joka likitaka kuja, litapata pa kutua.